Msitu wa Duara wa Ndulele

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba nalionea haya, la hasha. Jina la nchi limeandikwa juu ya ramani ya nchi, na ramani ya nchi ni siri ya serikali, kwa hiyo anayelitaja jina ametoa siri. Majirani zetu wanalijua. Sisi wenyewe tunaliimba kila asubuhi shuleni, ila tunaliimba haraka haraka. Inatosha mjue kuwa ni nchi nzuri, ina amani, na ramani yake haijawahi kukosea hata mara moja.

Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa ramani. Naitwa Kombo Tindwa, karani mwandamizi katika Wizara ya Ramani, Mipaka na Kumbukumbu Sahihi, Idara ya Ramani za Kale, chumba cha chini, mlango usio na kitasa. Nimefanya kazi miaka thelathini na nane na umebaki mmoja nistaafu. Sijawahi kuchelewa kazini, sijawahi kwenda kuangalia kitu chochote nilichokichora, na mkono wangu ulikuwa ukisifiwa wizara nzima kabla macho hayajaanza kunisaliti. Namwambia msomaji haya mapema ili huko mbele asije akanidhania mtu wa ovyo.

Ramani zetu hatuzichori kwa kwenda porini. Kwenda porini kuhakikisha alichochora aliyekutangulia ni kumwambia mzee wa watu kwamba ni mwongo, na sisi tumelelewa. Toleo la Kwanza lilichorwa na Wageni waliotutawala. Wale hawakuwa na adabu: walipita na minyororo yao ya kupimia kila bonde na kila kichuguu, wakiuliza majina ya vijito mpaka watoto wakawakimbia. Walipoondoka, sisi tukachora Toleo la Pili kistaarabu, yaani kwa kunakili. Unalaza karatasi nyepesi juu ya ramani ya zamani, unaisalimu, "Shikamoo, ramani," unangoja kidogo kwa heshima, kisha unaufuata kila mstari kwa wino. Unachokiona unakichora. Usichokiona hakipo. Toleo jipya hutoka kila baada ya miaka thelathini na nane, wala haliharakishwi, na ukutani tumetundika kauli ya idara: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

*

Mwaka huu, wakati wa maandalizi ya Toleo la Tatu, serikali yetu iligundua kwamba imeibiwa msitu.

Haukuwa msitu wa mchezo. Katika Karatasi ya Sitini na Tatu ya Toleo la Pili, bonde la Ndulele limefunikwa na msitu wa duara kamili, kama uliopigwa kwa bikari, ambao kutoka ukingo hadi ukingo ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Wasomi wameuandikia. Mmoja alipata uprofesa kwa kuthibitisha, bila kutoka maktaba, kwamba ndio msitu wa duara pekee duniani, na kwamba mababu zetu waliupanda makusudi ili kuwaonyesha Wageni kuwa hesabu wanaijua. Watoto huulizwa habari zake kwenye mtihani wa darasa la saba. Na miaka miwili iliyopita hewa yake iliuzwa.

Hewa yenyewe si ya kuvuta. Kuna matajiri wa ng'ambo wanaofukisha moshi, na ili roho zao zitulie, hununua miti ya watu wengine iwe inausafisha moshi huo kwa niaba yao. Waziri wetu aliwauzia hewa ya Ndulele, akapiga nao picha, mambo yakawa shwari. Kisha wale watu, kwa kukosa malezi kama wenzao wa kwanza, wakaomba kuiona miti.

Msafara ulikwenda. Ulikuta mpunga. Ulikuta kaya mia mbili na kumi na nne, bata wasiohesabika, na shule ya msingi yenye mwalimu mmoja aliyekuwa akiuliza, "Msitu wa duara uko wapi?" nao watoto wakajibu kwa sauti moja, "Ndulele!" wakiwa wamekaa katikati yake.

Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Dakta Lwambano, aliwaita waandishi wa habari siku hiyo hiyo. Ni mtu wa kimo kifupi na sentensi ndefu, na akianza kusema hukunja mikono ya shati kana kwamba anataka kufua.

"Ndugu wananchi," alisema, "msitu hauna miguu. Msitu hauhami. Ukiona msitu haupo mahali ulipo, ujue umo ndani ya mtu. Watu wa Ndulele wameula msitu wa taifa, na wameula kwa ustadi wa hali ya juu, hawakubakisha hata kisiki. Serikali yenu sikivu inawapa siku arobaini waurudishe, ukiwa wa duara kama walivyoukuta, au waondoke. Na kwa kuwa nchi yetu ni ya haki, yeyote mwenye ushahidi tofauti aulete, mradi ushahidi huo utoke katika ramani za kale za serikali yenyewe."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mengi kuliko wote, maana ramani za kale ziko kwangu, na kwa miaka mingi hakuna mkubwa aliyekumbuka kuwa chumba cha chini kina mtu.

*

Siku ya tisa mlango wangu ukasukumwa kwa bega, maana ndivyo unavyofunguka, akaingia mwanamke mwembamba wa miaka sitini na mmoja, kanga kaifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kulima.

"Naitwa Zawena Mshamu," alisema. "Natoka Ndulele. Ninyi mnasema msituni."

Nilimkaribisha kiti. Alinieleza kwamba wenzake walikuwa wamekaa mkutano, wakamchagua yeye aje atafute ushahidi. Hawakumchagua kwa usomi. Alikomea darasa la saba. Walimchagua kwa sababu halii mbele ya wakubwa.

"Nimezaliwa pale," alisema. "Mume wangu nimemzika pale. Majaruba matatu nimeachiwa na mama, na yeye aliachiwa na mamaye. Sasa nataka kuona karatasi inayosema tulikuwepo."

Nikampa Fomu Namba Saba. Ni fomu nzuri, ina muhuri wa nyota, na ina swali moja tu: Taja utakachokikuta katika ramani unayoiomba.

"Nitajuaje kabla sijaiona?" aliuliza.

"Huo ndio ulinzi wenyewe, dada. Ukitaja kisichokuwemo, umeidanganya serikali. Ukikuta usichokitaja, umepekua."

"Na wewe uliyekaa nazo miaka yote hii, huwezi kuniambia kilichomo?"

"Mimi nazitunza tu."

Akachukua kalamu, akaandika neno moja: Mpunga.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi kwa lori la mchanga, akaondoka jioni kwa lori hilo hilo. Nilimletea ramani moja moja, kwa mpangilio wa miaka, na nakiri kwamba nilianza kuingojea saa yake. Ya kwanza ilikuwa mchoro wa padri mmoja wa kale, aliyeandika pembeni mwa kijito, "Hapa tulinunua mchele kwa shanga." Bi Zawena aliicheka bei ile. Ya pili ilikuwa ya enzi ya Wageni, na bonde lote limepakwa rangi ya waridi.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Pamba. Pamba ya lazima."

Aliweka kidole juu yake akakiacha pale. "Bibi yangu alichapwa viboko kwa ajili ya pamba hii," alisema. "Kumbe waliipaka rangi nzuri."

Ya tatu ilikuwa tupu, imeandikwa, "Bonde lililotelekezwa." Hapo alikasirika kweli. "Hatukutelekeza! Ulikuwa mwaka wa nzige. Watu walikimbia njaa, wakarudi mvua iliyofuata. Huyo mchoraji angengoja miezi sita tu angetukuta." Ndivyo alivyozisoma zote. Kila ramani ilikuwa na siku moja ya bonde lile, naye alikuwa na siku zilizobaki, na baada ya wiki mbili alijua kusoma ramani kuliko vijana wa ghorofani wanaopokea mshahara kwa kazi hiyo.

Wiki ya tatu nilimtolea karatasi ya vipimo, ile ambayo Wageni waliichora kule kule bondeni kabla ya kutengeneza Toleo la Kwanza. Imechorwa kwa wino mweusi usiofutika. Kuna kona ya kijito, kuna mkwaju, na kila shamba lina jina la mwenyewe. Karibu na kona ya kijito pameandikwa: Mize, mpunga, majaruba matatu.

"Mize ni mama yangu," alisema Bi Zawena, na sauti yake ikawa ndogo.

Jina hilo lilinigusa mahali fulani. Lakini akina Mize wako wengi katika nchi yetu.

*

"Kuna jambo linanishinda," aliniambia kesho yake. "Hapa tupo na mpunga wetu. Kwenye Toleo la Pili pamekuwa msitu. Msitu wa ukubwa ule uliota lini, na mimi nilikuwa nalima? Nionyeshe ile ramani waliyoinakili, yenyewe."

Nilimletea Karatasi ya Sitini na Tatu ya Toleo la Kwanza na kuilaza juu ya rundo. Hapa lazima nieleze kwamba idara yetu haina meza. Meza ziliagizwa mwaka ule nilioajiriwa na bado ziko njiani. Tangu hapo tunafanyia kazi juu ya rundo la ramani zenyewe, karatasi juu ya karatasi, na rundo likipangwa vizuri linafika kiunoni na halitikisiki.

Katikati ya bonde palikuwa na doa la duara, manjano, kuukuu. Na ndani ya doa, wazi kabisa, ilionekana miti.

Bi Zawena akaiinua karatasi juu. Miti ikatoweka. Akailaza tena, ikarudi. Akaifunua pembeni akatazama iliyokuwa chini yake: Karatasi ya Sitini na Nne, Msitu wa Serikali wa Milima ya Mhongwe, ambao uko mbali na Ndulele mwendo wa siku mbili. Mpunga uliochorwa na Wageni kwa rangi hafifu ya samawati ulikuwa umefifia mle ndani ya doa mpaka haukuonekana, na miti ya Mhongwe ilikuwa imepenya kutoka chini. Akainama, akanusa. Akakwangua kidogo kwa ukucha.

"Haya ni mafuta," alisema. "Bwana karani, hili ni duara la kitumbua. Nakaanga tangu nina miaka saba, hainipiti. Tena hiki hakikukaangwa kwa chuma cha kawaida. Mama alikuwa na chuma chenye vishimo vipana kuliko vya watu wote. Alikuwa akileta vitumbua mjini, kwenye ofisi moja ya wachoraji."

Sasa msomaji ameshaelewa, na mimi sina pa kujificha. Saa nne ya asubuhi, miaka thelathini na nane iliyopita, Bi Mize alikuwa akiingia ofisini kwetu na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Sahani hatukuwa nazo. Tulikuwa na haraka, Toleo la Pili lilitakiwa kabla ya sherehe za taifa, na nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye njaa ya kijana wa miaka ishirini na mmoja. Unakitua kitumbua palipo karibu, unamalizia mstari, unakula. Ukirudi unachokiona unakichora. Niliiona miti, nikaichora mmoja mmoja, na kiongozi wangu alisema hajapata kuona miti iliyochorwa kwa usafi kama ule.

Kitumbua kimoja, kwa kipimo cha ramani ile, ni kaya mia mbili na kumi na nne.

"Hapa kwenye nakala pembeni pana herufi," alisema Bi Zawena. "K.T. Huyu ni nani?"

"Faili la wachoraji wa zamani liliungua," nilimjibu.

Njia ya mwongo fupi, lakini siku ile niliiona ndefu ya kutosha kunifikisha nyumbani. Nilikuwa na sababu. Katika wizara yetu, anayekiri kosa la ramani hufutwa pamoja na kosa lake. Jina lake huondolewa hata katika daftari la mahudhurio, miaka yote aliyofika mapema. Nilijiambia kwamba doa lenyewe linatosha, ushahidi unaonekana, hakuna haja ya jina. Nilijiambia hivyo siku kumi mfululizo.

*

Kamati ya Haki za Ramani ilikaa siku ya thelathini na tisa, wajumbe saba na Mheshimiwa Dakta Lwambano mwenyewe mwenyekiti. Bi Zawena alisimama akaeleza ramani moja baada ya nyingine, mchele wa shanga, pamba, nzige, jina la mama yake kwa wino mweusi. Hakulia. Alionyesha doa, akainua karatasi, miti ikaondoka. Akailaza, miti ikarudi. Mjumbe mmoja aliomba arudie, kwa kuwa lilikuwa jambo la kufurahisha.

"Mama," alisema Mkurugenzi, "umefanya utafiti, tunakupongeza. Ila ramani ya kale ni ya kale, ndiyo sababu ikaitwa hivyo. Serikali inakwenda na wakati. Kuhusu hilo doa, unadai ni kitumbua. Unacho kitumbua chenyewe?"

"Kililiwa, mheshimiwa."

"Kililiwa na nani? Nani alikiona? Kamati haiwezi kuhamisha msitu kwa ushahidi wa kitu kilicholiwa."

Bi Zawena alikuwa akizikusanya ramani zake, akizikunja kwa uangalifu kama nilivyomfundisha. Nikasimama. Sikuamua kusimama, nilijikuta nimesimama.

"Kililiwa na mimi," nilisema. "K.T. ni mimi. Kombo Tindwa. Nilikitua juu ya ramani, nikanakili miti ya Mhongwe nikaiweka Ndulele. Hapakuwahi kuwa na msitu pale. Hawa watu hawajala kitu. Aliyekula ni mimi."

Bi Zawena aligeuka akanitazama, na ningependa kusema niliona shukrani machoni pake, lakini sikuiona. Alikuwa akihesabu asubuhi zote alizokaa mbele yangu.

"Mama alikuwa akisema pana kijana mmoja ofisini pale anakula vizuri," alisema taratibu. "Alikuwa akikuchagulia vikubwa."

Kamati ikaahirishwa kwa chai. Chai ilikuwa na vitumbua. Waliporudi, Mkurugenzi alikunja mikono ya shati akasoma uamuzi.

"Kamati imemsikiliza Ndugu Tindwa, na imeguswa. Imejiuliza: Je, serikali ilikosea? Jibu ni hapana, kwa sababu Toleo la Pili lilitiwa sahihi na Waziri wa wakati ule, na sahihi ile haijafutika. Kama hakuna kosa, basi Ndugu Tindwa hakukosea. Alitangulia! Aliuona msitu miaka thelathini na nane kabla haujaota, wakati sisi wengine tulikuwa bado tunatazama mpunga. Ramani yake imekamilika tangu zamani. Kilichochelewa ni ardhi. Kwa hiyo Kamati inaagiza ardhi irekebishwe ilingane na ramani, msitu upandwe mara moja, na upewe jina la Msitu wa Tindwa. Makofi kwa mtaalamu wetu."

Walipiga makofi. Sikufutwa. Nilivishwa utepe wa kijani, nikapewa cheti chenye muhuri wa nyota, na walipomaliza kunipiga picha nilitazama mlangoni, Bi Zawena alikuwa ameshaondoka.

*

Nilikwenda Ndulele kama mgeni rasmi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kitu nilichokichora.

Nilikitambua kijito kabla ya kufika, kwa kona yake. Mkwaju ulikuwepo, mkubwa kuliko alama yake. Jambo ambalo ramani haikuniambia ni kwamba bonde lile lina sauti, maji yanapita kutoka jaruba hadi jaruba usiku na mchana, na kwamba mpunga ukikaribia kuiva unanukia. Nilisimama na utepe wangu kifuani nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tangu kuzaliwa.

Wataalamu walichomeka kigingi katikati ya bonde, wakafunga kamba, wakazunguka nayo kupiga duara. Aliyekuwa ndani ya kamba aliondoka. Aliyekuwa nje alibaki. Nyumba moja ilikatwa na kamba katikati, mwenyewe akaruhusiwa kubaki na jiko. Wanafunzi wa wilaya nzima waliletwa na miche ya mikaratusi, wakaipanda ndani ya maji, juu ya mpunga uliobakisha majuma matatu kuvunwa. Makaburi hayakuguswa, maana serikali yetu ina utu. Yaliachwa kwa sharti kwamba waliomo wasilime.

Mkurugenzi alihutubia. Aliwaambia wanaohama kwamba wasione wamepoteza mashamba, waone wamechangia hewa. Wale matajiri wa ng'ambo walivuta pumzi kwa nguvu wakasema ni safi. Kisha nikapewa mche wa kwanza.

Nilimwona Bi Zawena ng'ambo ya kamba, na ungo kichwani na chuma cha vitumbua mkononi. Nilipanda mche ule. Ningeweza kukataa, watu wataniuliza kwa nini sikukataa, na mimi najiuliza pia. Nilikuwa nimeshatumia ujasiri wangu wote siku ile ya Kamati, na ulikuwa mdogo.

*

Alikuja Jumatatu ya wiki iliyofuata. Nilikuwa peke yangu chumba cha chini. Juu ya rundo ilikuwa imelala Karatasi ya Sitini na Tatu ya Toleo la Tatu, vijana wa ghorofani wameimaliza asubuhi ile, ingali inasubiri muhuri wangu. Duara lilikuwepo, miti ilikuwepo, na katikati yake jina langu kwa herufi kubwa.

Bi Zawena alisukuma mlango kwa bega. Hakutoa salamu, na mimi sikuthubutu kutoa yangu. Alifungua fundo la kanga akatoa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Kilikuwa kitumbua kimoja, kipana, cha moto bado.

"Nilivuna usiku mmoja kabla ya kamba," alisema. "Mpunga haujakomaa, lakini nimeutwanga hivyo hivyo. Vingine wamekula watoto. Hiki ndicho cha mwisho cha jaruba la mama."

"Dada, mimi siwezi kukila."

"Sikukuletea ule." Aliisogelea ramani. Kidole chake hakikutafuta, kilikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kijito. "Ulisema mbele ya watu kwamba kitumbua ndicho kilichotuweka msituni. Haya. Kama kilitutoa, na kiturudishe."

Mimi ni mzito wa mambo mengi, lakini mambo ya ramani nayaelewa upesi. Nilikwenda kwenye rafu nikaitoa ile karatasi ya vipimo, ya wino mweusi usiofutika, Mize, mpunga, majaruba matatu. Niliipenyeza chini ya Toleo la Tatu, nikalinganisha kona na kona, mkwaju na mkwaju. Kosa hilo lina kifungu chake katika sheria ya ramani, na kifungu chenyewe nakijua kwa namba. Kisha nikasogea pembeni nikampisha.

Alikitua kitumbua katikati ya duara, juu ya jina langu, akakibonyeza kwa kiganja. Mafuta yakaanza kutambaa. Wino wa siku hizi ni wa mzabuni, hauvumilii hata jasho. Miti ya pembeni ikaanza kuvimba na kuyeyuka, mmoja mmoja. Juu yetu viatu vya Mkurugenzi vilipita vikienda na kurudi, lakini hakuna mtu anayeshuka kwenye ramani za kale.

Nilimweleza namna itakavyokuwa. Zamu ya Toleo la Nne ikifika, mchoraji kijana atailaza karatasi yake hapa, ataisalimu ramani, na atachora atakachokiona. Ataona mpunga. Ndipo serikali yetu sikivu itakapogundua kwamba mashamba ya taifa yamevamiwa na miti, na itaipa miti siku arobaini iondoke.

Bi Zawena alikaribia kucheka. Alivuta kiti akakaa, macho kwenye doa lililokuwa likipanuka.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Ni mafuta mazito. Robo saa hivi yatakuwa yamefika chini."

"Siulizi mafuta," alisema.

Nikajumlisha kimoyomoyo, miaka yake sitini na mmoja na thelathini na nane ya kungoja toleo.